Nywila ya Taifa na Mikono ya Sikudhani

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitaandikwa hapa, kwa kuwa serikali yake imelisajili kuwa maudhui yake halali, na anayelitaja hadharani bila kibali hujaza fomu tatu: ya kukiri, ya kuomba radhi, na ya kuahidi. Ni nchi nzuri. Ina mito miwili, ina milima ya kutosha, na ina Wizara ya Ulinzi wa Mambo ya Mtandaoni, yenye jengo refu kuliko milima hiyo.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, ghorofa ya tatu ya nyumba iliyopakwa rangi ya maziwa yaliyochacha, alikaa mtu mmoja aitwaye Zamoyoni Kirobo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na alikwisha kustaafu kazi ya kupiga mihuri. Kwa miaka thelathini na minne aligonga muhuri wa IMEONEKANA juu ya karatasi ambazo hakuna aliyeziona, na siku ya kuagwa alipewa cheti, nacho kikagongwa IMEONEKANA na kijana aliyechukua kiti chake.

Mkewe, Sikudhani, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Hawakujaaliwa mtoto. Alichokiacha Sikudhani ni ukurasa mtandaoni wenye video sitini na tatu za mapishi. Alikuwa akiisimamisha simu juu ya kopo la unga, basi uso wake haukuonekana, ila mikono tu: ikimenya, ikikatakata, ikipekecha, ikipangusa. Na sauti yake, nene kidogo, ya mtu asiye na haraka. Zamoyoni hakuonekana hata mara moja, lakini alisikika nyuma akikohoa, akiuliza chumvi imewekwa wapi, akiambiwa afunge mlango kwa sababu moshi unaingia sebuleni.

Tangu mazishi, kila alipokula chakula cha mchana Zamoyoni aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai na kufungulia video moja. Alizijua zote. Mahali Sikudhani alipouliza, "Umeonja?" yeye alijibu, "Nimeonja," peke yake mezani, kijiko mkononi. Video sitini na tatu humaliza miezi miwili na siku kadhaa. Zikiisha alianza tena ya kwanza, ya wali wa nazi.

Kila mtu aliweza kuutazama ukurasa, ila kuusimamia kulitaka neno la siri, yaani nywila, ambalo Sikudhani alimnong'oneza akiwa wodini, wiki ya mwisho. Lilikuwa neno la kipuuzi, la wao wawili, na wala halitaandikwa hapa. Siri ya mtu na iwe siri ya mtu, japo katika nchi hii hilo halikudumu.

*

Waziri wa Ulinzi wa Mambo ya Mtandaoni alikuwa Mheshimiwa Ndarakwa Lubengo, mwenye shahada nne, mojawapo ya kweli. Siku ya maadhimisho ya Usalama wa Mtandao alipanda jukwaani, akagonga kipaza sauti mara mbili kuhakikisha kuwa hakijadukuliwa, akasema:

"Ndugu wananchi, uchunguzi wa kina umebaini kuwa watu wengi husahau nywila zao. Kwa nini husahau? Kwa sababu kila mmoja ana yake. Utofauti ni mgawanyiko, na mgawanyiko ni hatari kwa taifa. Kuanzia leo tutakuwa na nywila moja, imara, iliyoandaliwa na wataalamu wetu kwa muda wa miezi kumi na minne."

Akaisoma redioni mara tatu, polepole, ili hata walio mbali waandike: Tunalindwa1. T kubwa, na moja mwishoni. Kwaya ya wizara ikaiimba kwa sauti nne. Viwanda vikaichapa kwenye khanga, nyekundu na buluu. Mabalozi wa nchi za nje wakazawadiwa kila mmoja kibao cha mti kilichochongwa nywila hiyo, wakapiga makofi na kukipeleka nyumbani haraka.

Kila mtaa ukapewa msimamizi wa kuhakikisha wananchi wamebadilisha. Mtaani kwa Zamoyoni alipewa Bi Mashavu, mama mnene wa ghorofa ya kwanza, mwenye daftari na kalamu iliyofungwa kamba shingoni. Alipopanda ngazi hadi ya tatu alikuwa anahema. Akakaribishwa kiti, akakataa, akakaa.

Akaeleza kwamba nyumba nzima wamekwisha kubadilisha, amebaki yeye tu, na kwamba hilo linamtia yeye Mashavu aibu mbele ya wakubwa. Zamoyoni akamweleza kuwa neno alilonalo aliachiwa na marehemu mkewe. Bi Mashavu akapekua mwongozo aliopewa, kurasa arobaini, akasema kwa upole kwamba habari za marehemu hazimo. Isitoshe, mwananchi mwenye nywila yake mwenyewe anaonekana ana kitu anachokificha.

"Lakini mama," akasema Zamoyoni, "nywila si ya kufichia?"

Bi Mashavu akafungua daftari na kuandika: ameuliza swali.

"Likifika la pili utaitwa ofisini, mzee wangu," akasema. "Mimi sitaki uitwe. Badilisha tu, nami niko hapa hapa."

Basi Zamoyoni akaichukua simu. Akalifuta lile neno herufi moja moja, badala ya kulifuta lote kwa mkupuo, kisha akaandika Tunalindwa1. Simu ikamwambia: Hongera, umelindwa. Bi Mashavu akaweka alama ya vema, akaomba maji ya kunywa, akashuka.

*

Zilipita siku kumi na moja. Wezi wa nchi ile, na wa nchi jirani, na wa nchi ambazo hazijawahi hata kuisikia nchi ile, hawakuhitaji kuvunja kitu. Walibisha hodi wakafunguliwa.

Siku ya kumi na mbili Zamoyoni alipakua wali na maharage, akaegemeza simu, akafungua ukurasa. Jina lilikuwa limebadilika. Sasa uliitwa Chai ya Kiuno Chembamba. Mikono ya Sikudhani ilikuwa palepale, ikikoroga sufuria ileile, lakini maneno yake yalikuwa yamekatwakatwa na kuungwa upya, hapa "tumbo," pale "yeyuka," huku "siku tatu tu," kila neno likiwa na mlio wake, kama mtu anayezungumza huku anasukumwa. Video sitini na tatu zilikuwa zimebaki nne, na zote nne ziliuza chai.

Akajaribu nywila ya taifa, ikakataliwa. Mwizi alikuwa mtu mwangalifu, ameweka yake mwenyewe. Akajaribu lile neno la wodini, akijua ni bure. Likakataliwa nalo.

Akala kimya. Kwa miaka minne hakuwahi kusikia meno yake mwenyewe yakitafuna, na siku ile aliyasikia mpaka akaacha sahani nusu.

Mheshimiwa Lubengo akapanda tena jukwaani, safari hii amekasirika. Akasema serikali imesikitishwa mno na uzembe wa wananchi. Inawezekanaje nchi nzima kutumia nywila moja? Hata mtoto mdogo anajua hilo ni kosa. Akatangaza kwamba nywila ya taifa sasa ni siri kuu ya dola, na anayeijua ajisalimishe. Khanga zote zirudishwe ghalani, na mwanamke asiye na khanga nyingine aivae ile ndani nje mpaka atakapopata. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wameambiwa wapige.

Ili kuwafundisha wazembe, wizara ikaanzisha kampeni ya vipaza sauti. Ikatafuta sauti ya mama, yenye mamlaka na upendo, na mtaalamu mmoja akaiona mtandaoni kwenye ukurasa wa chai. Wakaomba ruhusa kwa mmiliki anayetambulika, yaani mwizi, naye akawaruhusu kwa barua yenye adabu. Ndipo ikawa kwamba sokoni, hospitalini, na kwenye kila kituo cha basi, kila baada ya robo saa, sauti ya Sikudhani ilitoka juu ya nguzo ikisema: "We bwana, funga mlango!" Halafu sauti ya mwanamume ikamalizia: "Linda akaunti yako. Huu ni ujumbe wa wizara."

Zamoyoni aliisikia mara ya kwanza akiwa anachagua vitunguu. Mkono ukabaki hewani. Akamwuliza muuzaji kama naye amesikia, akajibiwa kuwa wanasikia kutwa, wamechoka, huyo mama hana kazi.

Wiki nzima alikwenda sokoni bila kikapu. Alisimama chini ya nguzo, akangoja robo saa, akasikia, akangoja nyingine. Waliompita walidhani anamsubiri mtu.

*

Mwishowe akaamua kudai haki yake. Katika jengo lile refu lilikuwapo dirisha namba tisa, limeandikwa juu yake: WANAODAI KUWA WENYEWE. Nyuma ya kioo aliketi msichana wa miaka kama thelathini, jina lake kifuani Havijawa Mlekwa, ambaye hakuinua uso. Kwa kazi yake, kuinua uso kulihesabiwa kuwa upendeleo.

Zamoyoni alijieleza kwa urefu. Havijawa akatafuta jalada, akalipata, akamwarifu kwamba ukurasa anaoutaja una mwenyewe tayari.

"Ni mwizi huyo, mama."

"Mzee, huyu amejaza fomu zote. Ana picha sita, ana wadhamini kumi na wawili wanaoapa kumfahamu. Wewe una nani?"

"Ile ni sauti ya mke wangu."

"Basi aje mwenyewe."

"Amefariki."

Havijawa akaandika. Akasema kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Maudhui, kifungu cha kumi na nne, mwenye sauti asipofika anahesabiwa kuwa ameitupa. Zamoyoni akaomba akione kifungu hicho. Hapo Havijawa akashusha sauti kidogo, akakiri kuwa hata yeye hajakiona. Sheria ya Kulinda Maudhui yenyewe ni maudhui, nayo inalindwa. Ilifungwa kwa nywila aliyoiweka Mheshimiwa Waziri kwa mkono wake mwenyewe, na Mheshimiwa ameisahau.

Kilichobaki, akasema, ni fomu ya uthibitisho. Alete watu watatu wanaomfahamu. Wasiwe ndugu. Waweze kumweleza alivyo na tabia zake bila kutajiwa jina. Akiwapata watatu, jalada litafunguliwa upya.

Zamoyoni alipokea fomu akaona jambo lenyewe ni jepesi. Watu watatu tu. Alishuka ngazi akiwahesabu kichwani, na alipofika chini alikuwa bado hajampata wa kwanza.

Alianza na Bi Mashavu, ambaye alimpokea vizuri, akaisoma fomu, akakuna kichwa. Akasema anamfahamu sana, ni mlango namba kumi na saba, lakini zaidi ya mlango hana la kueleza. Akamwuliza kama yule mama aliyekuwa akimwona ngazini zamani ndiye aliyekuwa mkewe au alikuwa dada yake.

Akaenda kwa Chilumba, mwenzake wa kazini, aliyekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa. Chilumba alimkumbatia. Akasema angeutambua mlio wa muhuri wake popote: mlio mzito, halafu kimya, halafu mwepesi. Ila meza zao zilitazamana na kuta, migongo yao ikitazamana, na swali la tatu la fomu liliuliza rangi ya macho. Chilumba alimwangalia machoni kwa mara ya kwanza na hakujua aandike nini, maana wakati huo yalikuwa mekundu.

Wa mwisho alikuwa mama muuza maharage wa pembeni mwa soko, ambaye hata jina lake Zamoyoni hakuwa akilijua. Mama yule hakuhitaji kufikiri.

"Wewe ni nusu kilo," akasema. "Zamani ulikuwa kilo. Siku moja ukaja ukasema nusu, nikajua yamekufika. Sikukuuliza. Nilikuongezea kidogo kwa mkono, hukuona?"

Hakuwa ameona. Mama alikuwa tayari kudhamini hata siku ileile, lakini fomu ilitaka namba ya simu ya mdhamini, naye hakuwa na simu. Kwa kumbukumbu za wizara, mtu asiye na simu hajazaliwa.

*

Akarudi dirisha namba tisa Alhamisi, fomu tupu mkononi. Hakuja kulalamika. Alikuja kuirudisha kwa sababu ilikuwa imeandikwa chini: mali ya serikali, irudishwe. Aliipitisha chini ya kioo, akakohoa kikohozi chake cha siku zote, vifupi viwili na kirefu kimoja, akasema, "Basi, ndiyo hivyo," akageuka.

"Ngoja," akasema Havijawa.

Alikuwa ameinua uso. Wafanyakazi wa dirisha la nane na la kumi waliona, wakatazama pembeni.

"Kohoa tena, mzee."

Zamoyoni hakuelewa, lakini alikuwa mtu wa kutii ofisi. Akakohoa.

"Ni wewe," akasema Havijawa. "Ni wewe unayekohoa nyuma ya sufuria."

Akamweleza, kwa sauti ya chini na midomo ikicheza kidogo tu ili ionekane wanazungumzia fomu. Miaka sita nyuma alikuja mjini kuanza kazi, hakuwa na mtu, alipanga chumba akila mkate na chai siku saba za wiki. Akauona ukurasa wa Sikudhani. Akajifunza wali, akajifunza maharage, na siku alizorudi kazini bila kusemeshwa na mtu kutwa nzima, alifungulia video hata kama hapiki, asikie watu wawili ndani ya nyumba. Lile jalada la chai alilipokea mwenyewe na kulipitisha. Fomu hazikuwa na mahali pa kuandika kwamba sauti ile yeye anaijua.

Kisha akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya mdhamini wa kwanza akajaza yote: kikohozi, kuulizia chumvi, kupika chai mwenyewe Jumapili, kuita "mama" watu wote wa kike hata wadogo. Akatia saini.

Fomu ilirudi baada ya siku tatu, imegongwa IMEKATALIWA. Sababu: mtumishi wa umma haruhusiwi kumfahamu mwananchi. Nakala ilimfikia mkuu wake, na Havijawa akahamishwa kutoka dirishani, akapelekwa ghalani, kwenye chumba cha chini, kulinda khanga zilizorudishwa. Kwenye daftari la wizara Zamoyoni Kirobo akaandikwa "asiyethibitika," na jalada likafungwa. Ukurasa wa chai ulipewa tuzo ya maudhui bora ya mwaka.

*

Zamoyoni alipopata habari ya uhamisho aliona haya. Ijumaa yake, saa ya chakula cha mchana, akateremka ghalani kumwomba msamaha. Alimkuta Havijawa amekaa juu ya robota la khanga, anakula kwenye bakuli la plastiki. Khanga zilifika darini, nyekundu na buluu, zote zikisema Tunalindwa1, na hapakuwa na mlinzi mwingine wala anayekuja kuziangalia.

"Shikamoo mzee. Hukuniponza," akasema Havijawa kabla hajaulizwa. "Huku chini hakuna dirisha. Naweza kumtazama nimtakaye."

Akamvutia robota jingine akae. Akatoa simu yake, akawa anaigeuzageuza, kama mtu anayeona haya. Akasema kuna kitu hakukitaja pale juu kwa sababu kingeandikwa. Wakati ule wa upweke wake alikuwa akimwandikia Sikudhani maswali, wali umeshika chini afanye nini, na Sikudhani, ambaye hakupenda kuandika, alimjibu kwa sauti. Zilikuwa jumbe tisa. Hazikuwahi kuwamo kwenye ule ukurasa, basi mwizi hakuzipata. Zilikuwa ndani ya simu hii tu, kwa neno ambalo Havijawa hakumwambia mtu.

Zamoyoni aliinama kuielekea simu. Alikuwa ameshika magoti yake.

Havijawa akabonyeza. Ikatoka sauti, nene kidogo, isiyo na haraka, ikisema maneno ambayo Zamoyoni hakuwahi kuyasikia.

"Haya mwanangu, hiyo bamia usiikoroge sana, ndiyo maana inakuvutikia. Iache itulie yenyewe. Na kama huyo utakayempikia haipendi, atakula tu. Mimi mume wangu bamia haipendi hata chembe. Tangu tumeoana anaila, ananiambia tamu, ananiomba nimwongeze. Hajui kama najua. Nami sijamwambia, maana raha yangu yote ni kumwona anavyoimeza. Sasa nyamaza, huyo anapanda ngazi."

Ikaisha. Kule juu watu walikuwa wakiburuta viti.

Miaka ishirini na tisa Zamoyoni alikuwa ameila bamia ile. Hakumwambia mama yake mzazi, wala Chilumba, wala daktari. Katika nchi ile yote aliamini hakuna siri iliyofungwa vizuri kuliko hiyo. Akafungua kinywa kama anayetaka kukohoa, ikatoka sauti nyingine, Havijawa akadhani analia, kumbe anacheka, halafu akawa analia, halafu hata yeye hakujua tena ni kipi. Akatafuta kitambaa mfukoni, akakosa. Havijawa akachomoa khanga moja kwenye robota, mali ya siri ya dola, akampa.

Alipotulia, Havijawa akamwambia watafute namna ya kuzihamisha zote nane zilizobaki kwenye simu yake, aende nazo nyumbani.

Zamoyoni akatikisa kichwa. Akaomba apewe moja kila Ijumaa, hapa hapa, na mwenye simu abaki na simu yake.

Ikawa hivyo. Ijumaa ya pili ilikuwa ya maandazi yaliyogoma kuumuka. Ya tano ilikuwa fupi, Sikudhani akisema tu kwamba umeme umekatika na atajibu kesho. Ya tisa ilikuwa ya wali, na mwishoni alimuuliza Havijawa kama siku hizi anakula vizuri.

Ijumaa ya kumi Zamoyoni alioga, akavaa shati la mikono mirefu, akateremka ghalani saa ileile. Alikuwa na bakuli lake mkononi, maharage, kilo nzima aliyoipika tangu asubuhi.

"Mzee, leo hakuna," akasema Havijawa. "Zimekwisha."

"Najua, mama," akasema Zamoyoni, akavuta robota, akakaa. "Wewe nieleze, juzi ulipika nini?"